Gundi ya Lulanga

Asubuhi Skolastika Kikoti alipogundua kwamba bawa la kushoto limenyamaza, kwanza aliyalaumu masikio yake. Kwa miaka miwili alikuwa ameishi na nyundo, misumeno, injini ya majaribio na sauti za watu wanaotoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Masikio nayo yana haki ya kuchoka. Akaenda bawa la kulia, akalaza shavu pale bawa linapoingia kiwiliwilini mwa ndege, akasikiliza. Lilikuwa linavuma taratibu, kama mzinga wa nyuki wakati wa baridi. Akarudi kushoto. Kimya.

Gundi ikiwa hai huvuma. Hilo kila mtoto wa Lulanga alilijua kabla hajajua kuhesabu. Makreti ya Baraza la Anga yalipodondoshwa kwa miavuli, ndani yake mlikuwa na injini, mbavu nyembamba za mwanzi uliopikwa kiwandani, turubai, na mtungi mmoja wa mbegu ya gundi. Hapakuwa na boliti wala msumari wa kuunga mbavu hizo. Gundi ndiyo iliyokuwa kila kitu: vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyolishwa uji wa mahindi na sukari, ambavyo hushika ubavu kwa ubavu na kuendelea kuishi humo humo, vikiziba kila ufa unaotokea angani. Ndiyo maana ndege iliweza kujengwa uani na mtu yeyote mwenye subira. Na subira ndiyo bidhaa pekee iliyobaki Lulanga tangu milima iporomoke na kuimeza barabara ya kwenda mjini.

Skolastika alichukua kisu, akachana turubai kidogo pembeni ya kiungo. Harufu ilimfikia kabla hajaona kitu. Aliijua. Kila mwenye mianzi nyuma ya nyumba yake angeijua. Ulikuwa ulanzi, pombe ya mianzi, tena uliochacha hasa.

Akachoma ncha ya kisu kwenye gundi. Ilitakiwa iwe ngumu kama pembe ya ng'ombe. Ilivutika na kufuata kisu kama mlenda.

Alikaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa, kisu mkononi. Hakuhitaji kujiuliza ulanzi umetokea wapi. Ilikuwa siku ya mgowe, siku ambayo Lulanga nzima ilikuja kusaidia kufunga bawa lile, kwa sababu gundi mbichi hutaka joto la viganja vya watu ndipo ikaze. Watu walisimama bega kwa bega wamezikumbatia mbavu, wakiimba. Kazi ilipokaribia kwisha, Mzee Melkiori Kihwele, baba wa marehemu mumewe Galus, alijongea na mbeta yake ya ulanzi, lile bomba la mwanzi wanalokingia utomvu. Akawataja wazee waliotangulia, mmoja mmoja, akapiga funda, akakipulizia kiungo kile. Ndivyo anavyofanyiwa mgeni, nyumba mpya na jembe jipya. Kwa nini ndege isifanyiwe?

Maelekezo yaliyokuja na makreti yalisema kitu chochote kilichochachuka kikae mbali na gundi. Skolastika aliyajua. Alikuwa amesimama pale pale na brashi mkononi. Lakini mkwe ni mkwe, na mke wa mtu hamkatizi baba mkwe anapozungumza na waliokufa. Alisubiri mzee amalize, akapangusa kiungo kwa upindo wa kanga yake, akajiambia tone moja halina neno. Kisha akapitisha brashi juu ya kiungo kile, akairudisha ndani ya chungu cha gundi.

Bawa la kulia lilikuwa limefungwa zamani, kabla ya tone lile, kwa hiyo lilikuwa salama. Na akiba ya mbegu safi ilikuwapo, ndani ya kibuyu kidogo alichokining'iniza jikoni. Angeweza kukwangua kiungo kile chote, akapaka upya, na katika wiki mbili ndege ingekuwa nzima kama jana. Alipofikiria hivyo alianza kupumua vizuri. Halafu akamkumbuka Vitus Chengula.

Vitus alikuwa mjenzi wa ndege ya Isele, mlima wa ng'ambo ya korongo. Chungu chao cha gundi kilikufa kwa sakitu, umande ulioganda, wakiwa wamefika nusu ya kazi. Alitembea siku nne bondeni, chungu kitupu mgongoni, kuja kuomba. Gundi huombwa kama moto unavyoombwa, na katika milima ile hakuna aliyewahi kumnyima jirani kaa la moto. Skolastika mwenyewe ndiye aliyemjazia kutoka chungu chake, akampa na mahindi ya kuchoma ya njiani. Siku hiyo mgowe ulikuwa umepita.

*

Mzee Melkiori alikuwa nje ya nyumba yake, anapasua mianzi ya kuzibia ua. Skolastika alikunja magoti kidogo.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mama Leonia. Ndege imelalaje?"

"Bawa la kushoto limeoza, baba."

"Limeoza vipi? Ndege si muhogo."

Akamweleza. Aliongea huku akitazama chini, kama alivyofanya miaka yote tangu aolewe katika nyumba ile, na hata sasa hakusema "wewe". Alisema ulanzi umeingia kwenye gundi.

"Umeingia kwa miguu yake?" mzee akauliza. Kisha uso wake ukabadilika. Aliliweka panga chini polepole. "Ni mdomo wangu."

"Na brashi yangu, baba. Mimi niliona."

"Uliona ukanyamaza?"

Mzee hakurudia swali, kwa sababu jibu alilijua. Heshima aliyoidai kwa wakwe zake wote ndiyo hiyo.

"Linatengenezeka?"

"La kwetu linatengenezeka. Nina mbegu safi. Wiki mbili, na Leonia bado ana mwezi kabla ya kujifungua."

"Basi mshukuru Mungu, nenda katengeneze."

"Isele wanaruka kesho asubuhi, baba. Ndege yao ina gundi yetu."

Mzee alitazama ng'ambo, ambako palikuwa na ukungu tu, kama kawaida ya msimu ule. "Isele nao wana masikio. Watasikia bawa lao limenyamaza."

"Hawatasikia. Kila bawa lao lina viungo vya gundi yao ya zamani, iliyoshika kabla ya sakitu, na vya yetu. Ile ya zamani inavuma, inaficha."

"Tuma mtu."

"Siku nne kwa miguu."

"Washeni moto kileleni."

"Kwenye ukungu huu?"

Mzee akabaki amefumba macho. Kilichobaki walikijua wote wawili, ni mnara wa sauti uliosimama katikati ya Lulanga. Lakini mnara ulikuwa sikio la Baraza la Anga, na sheria ya Baraza ilikuwa fupi: chungu kikichafuka, huuawa chote. Kila chungu cha gundi kilizaliwa na mlio wake wa siri. Minara yote ikiutoa mlio huo, kila tone lililowahi kutoka katika chungu kile, zima na bovu, huachia lilichokishika. Sheria hiyo ililetwa baada ya ndege moja iliyojengwa nyumbani kuangukia soko la mjini. Skolastika hakuwahi kuiona mbaya. Yeye mwenyewe aliiunga mkono mkutanoni kwa kunyoosha mkono, enzi hizo sheria ikiwahusu watu wengine.

"Ukisema," mzee alisema, "ndege yetu inakufa leo. Na makreti mengine tutaletewa lini? Milima mingapi iko mbele yetu kwenye foleni?"

"Najua, baba."

"Na Leonia?"

"Najua."

Leonia ndiye aliyeifanya ndege ile iharakishwe. Mimba yake ya kwanza ilimalizikia kwenye kisu cha daktari mjini, barabara ikiwa bado ipo, na mtoto hakupona. Daktari alimwambia waziwazi: usije ukajaribu kusukuma mtoto nyumbani, kovu litapasuka. Mkunga wa Lulanga, Bi Oliva, alikuwa amelipapasa kovu lile, akasema yeye ana mikono mizuri lakini hana kisu wala damu ya kumwongezea mtu.

"Sikiliza, mwanangu," mzee alisema, na sauti yake ikapungua. "Galus nilimzika bila mwili, mlima uliondoka naye. Nimebakiwa na mjukuu huyu na kilichomo tumboni mwake. Sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba. Funga mdomo, utengeneze bawa lako."

Skolastika aliona aibu kumtazama mzee akiomba. Lakini kilichomtisha zaidi ni kwamba mzee hakuwa amesema neno hata moja ambalo yeye mwenyewe hakuwa ameshajiambia njiani.

*

Jioni, saa ya salamu, mnara ulifunguliwa kama kawaida ili milima ijuliane hali. Leonia alikuwa ameketi mlangoni mwa banda la ndege, miguu imenyooka, anashona mto wa kiti. Kiti kimoja tu kilibaki bila mto, na alishasema hicho ndicho chake. Mumewe Fidelis alikuwa bado uwanjani na wenzake, wakisawazisha mahali ndege itakapokimbilia.

Sauti ya Vitus Chengula ilitoka mnarani imejaa furaha mpaka inapasuka.

"Lulanga, kamwene! Kesho jua likichungulia tunawapita juu ya vichwa. Fungieni kuku wenu wasije wakafa kwa wivu! Nitabeba watoto wanne kuwapeleka shule mjini, na wa kwanza kupanda ni kitinda mimba wangu. Dada Skola, gundi yako imeshika mpaka raha. Nitakuletea chumvi nikirudi."

Leonia akacheka. "Huyu baba! Hajaruka, ameshaanza kuringa." Akakata uzi kwa meno. "Mama, mimi mkinishusha kule, kitu cha kwanza nataka chipsi mayai. Daktari atasubiri."

"Utakula, mwanangu."

"Na huyu naye ana maajabu yake." Alishika tumbo. "Nikilala chini ya bawa la kulia, anatulia kabisa. Nadhani anapenda ule mvumo. Nikihamia la kushoto ananipiga mateke mpaka niondoke."

Skolastika aliinama kuokota sindano ambayo haikuwa imeanguka. Alitaka kumwambia. Alitaka kukaa chini pale mlangoni, aseme, Leonia, mambo ni haya, wewe unasemaje? Maisha ni yako. Lakini alimtazama binti yule akipiga mto makofi ili pamba ikae sawa, na akajua kwamba kumuuliza ni kumtwisha mzigo ambao hata yeye, mtu mzima aliyekwisha kuzika, haukai kichwani pake. Wahenga wamesema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawakusema afanye nini yule ambaye akiyafichua, kifo ndicho kinachopigiwa hodi.

"Mama, mbona unanitazama hivyo?"

"Nautazama mto. Umeshona vizuri."

*

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito mpaka paa la kanisa halionekani. Skolastika alipita mbele ya nyumba ya Mzee Melkiori. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, amejifunika blanketi, na alipomwona anaelekea mnarani alifungua mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza Skolastika kumpita baba mkwe bila kumwamkia. Mzee akaufumba tena.

Akabonyeza kitufe cha dharura. Afisa wa zamu wa Baraza alikuwa kijana, kwa sauti yake, na alikuwa anatafuna kitu.

"Lulanga, nakusikia."

"Isele wameruka?"

"Injini inanguruma. Wako mwanzo wa uwanja, wanasubiri ruhusa yangu. Kwani vipi?"

"Usiwape."

Kutafuna kukakoma. "Mama, taja jina na sababu."

"Skolastika Kikoti, mjenzi wa Lulanga. Chungu changu kimechafuka. Kimeingia ulanzi. Isele walichukua gundi kwangu baada ya hapo."

Mnarani zikasikika karatasi zikipekuliwa. Kijana aliporudi, sauti yake ilikuwa chini.

"Mama, nina karatasi ya kwenu hapa mbele yangu. Kuna mjamzito mnatakiwa kumleta mwezi ujao. Amewekewa kitanda."

"Ni binti yangu."

"Nikisharekodi hii, sina uwezo wa kuifuta. Na mlio ukitoka haubagui. Isele naweza kuwazuia kwa sababu nyingine yoyote. Naweza kusema ukungu. Ukungu upo."

Skolastika alishika nguzo ya mnara kwa mikono miwili. "Utawazuia mpaka lini?"

"Leo. Kesho, ikibidi."

"Na keshokutwa?"

"Mama, mimi..."

"Ukungu ukiondoka wataruka," Skolastika alisema. "Wewe zamu yako itakuwa imekwisha, na mimi nitakuwa nakwangua bawa langu. Waambie wawashushe watoto, kisha rekodi."

"Mama, una uhakika?"

"Sina. Rekodi."

Mlio wenyewe hakuna sikio la mtu lililousikia. Skolastika alikuwa amekimbia mpaka mlangoni mwa banda, na kitu cha kwanza kilikuwa bawa la kulia kunyamaza. Halafu ukasikika mkwaruzo mdogo, kama panya darini. Ubavu mmoja uliteleza ndani ya turubai, ukafuata wa pili, na mara bawa zima likalegea na kulala chini. Mkia ulijitenga. Injini ilibaki imening'inia kwa kitambo, ikitafuta kitu cha kuishikilia, kisha ikaangukia pua yake na kuvunja pangaboi. Jikoni, mbegu safi ndani ya kibuyu ilikuwa imegeuka maji.

Fidelis alikuja mbio kutoka uwanjani, jembe begani. Alipoambiwa alimtazama mama mkwe wake bila kumtukana, kwa maana mkwe hatukanwi. Alilitupa jembe, akaondoka kuelekea mianzini. Walimsikia akilia huko kwa sauti, mwanaume mzima, na hakuna aliyemfuata.

Mnara ukakoroma. Ilikuwa sauti ya Vitus Chengula, na furaha ya jana haikuwamo.

"Lulanga. Ndege yetu imeanguka ikiwa imesimama. Watoto walikuwa wanashuka. Wangu amevunjika mkono." Akavuta pumzi. "Miaka mitatu, Skola. Ungetuua angani, sasa umetuua hivi." Hakusema asante, na mnara ukafungwa.

Leonia alikuwa amesimama muda wote huo kando ya mlango na kikombe cha uji mkononi. Uji ulikuwa umeshapoa. Hakulia. Aliuliza maswali mawili, lini umejua na nani mwingine anajua, na mama yake akamjibu yote bila kumtaja babu yake kwa ubaya.

"Ungeniuliza, mama."

"Ningekuuliza, ungesemaje?"

Leonia alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo, tangu utoto wake.

"Ningesema unyamaze."

"Ndiyo maana sikukuuliza."

"Watoto wanne," Leonia alisema, kama anayapima maneno hayo mdomoni. "Hata sasa ningesema unyamaze. Mungu anisamehe." Kisha akaweka kikombe chini, akajishika kiuno, akainama kwa shida na kuokota ubavu mmoja wa bawa la kushoto. Akauokota na mwingine.

"Acha, mwanangu. Utajiumiza."

"Mvua inakuja. Mbavu zikilowa hazitawaka." Aliziegemeza mbavu mbili zile kwenye ukuta wa jiko, ndani, pakavu, akarudi kuchukua nyingine. "Bi Oliva alisema siku nitakayojifungua atahitaji maji mengi ya moto."

Skolastika alimtazama mpaka binti yake alipoingia jikoni na mzigo wa tatu. Ndipo akainama naye, wakaanza kuokota pamoja, na kuzipanga mbavu kwa urefu, kama kuni.